Nilianguka mbele ya madhabahu. Je, Mungu amenikataa?

*Shikamoo Mama. Bwana Yesu asifiwe.*

*Nina miaka 36, nimeoa, tuna watoto watatu. Ni mwinjilisti wa mtaa mmoja mkoani Morogoro. Nakuandikia kwa sababu jambo hili nimeshindwa kulizungumza na mtu yeyote wa hapa kwetu bila kulia au kukasirika.*

*Nina kifafa. Kilinianza nikiwa darasa la tano. Baba alinizungusha kwa waganga mpaka mbuzi wakaisha zizini, halafu mwalimu mmoja akamshauri anipeleke hospitali ya wilaya. Nikaanzishiwa fenobabitoni, na maisha yakarudi. Nilimaliza shule, nikaenda chuo cha Biblia, nikaoa. Kwa miaka mingi sikuanguka hata mara moja. Mke wangu alijua, mchungaji alijua, basi. Washarika hawakujua, na sikuona sababu ya kuwaambia.*

*Mwaka jana tulikuwa na mkutano wa Injili. Mhubiri mgeni, mtu mwenye jina, alifundisha juu ya imani, akasema anayeendelea kumeza dawa baada ya kuombewa anamfanya Mungu mwongo. Maneno yale yaliniingia. Usiku ule nilimwendea faraghani, akaniombea, nikasikia mwili wote umekuwa mwepesi. Nilipofika nyumbani nikavimwaga vidonge vyote chooni, mke wangu akitazama. Hakusema neno.*

*Haikupita muda mrefu. Jumapili moja nilikuwa nimesimama mbele nasoma somo la Injili, nikasikia harufu ya mpira unaoungua, ile niliyokuwa nikiisikia utotoni kabla ya kuanguka. Nilizinduka niko chini kati ya madhabahu na viti vya kwaya, suruali imelowa, damu mdomoni. Mtu alikuwa amenilazimishia kijiko kati ya meno na jino moja limevunjika. Watu walikuwa wamerudi nyuma mpaka mlangoni, wengine wamebeba watoto wao kwa kuogopa povu. Aliyekuwa karibu nami ni bibi mmoja wa kwaya tu. Alikuwa amevua kitenge chake akanifunika kiunoni.*

*Tangu siku ile mambo yamegeuka. Wapo wanaosema nina pepo, na kwamba miaka yote hii nimelihudumia kanisa nikiwa nalo. Wakanifungulia maombi ya ukombozi, kufunga bila kula na mikesha mfululizo. Katika mkesha wa pili nikaanguka tena, wakasema ndiyo dalili kwamba pepo anatoka. Mzee mmoja alinisomea Walawi 21, panaposema mwenye kilema asiikaribie madhabahu. Mwingine akasoma Mathayo 17, habari za yule kijana mwenye kifafa ambaye Yesu alimkemea pepo akamtoka. Sasa baraza la wazee limeniomba "nipumzike" mpaka nifunguliwe. Mchungaji wetu ni mtu mwema, ila amekaa kimya.*

*Nimerudi hospitali na nimeanza dawa tena, lakini kwa siri, na kila nikimeza naona kama nimemsaliti Mungu. Nimeomba sana. Sijapona. Nimewafundisha wengine kwamba Yesu anaponya, na mimi mwenyewe nalala na vidonge chini ya mto. Mke wangu naye siku hizi halali vizuri.*

*Kuna kitu kingine, sijui kama kinahusika. Tangu nianguke, watu wanakuja nyumbani kwangu giza likishaingia. Mama mmoja amenieleza ana binti wa miaka 14 anayeanguka. Hajawahi kumpeleka shule wala kanisani, na akienda shambani humfungia ndani. Mkono wa kushoto wa mtoto umekunjamana kwa moto, aliangukia mafigani. Kijana mmoja wa kwaya amekiri kwangu kwamba anakunywa pombe kwa siri na hawezi kuacha. Sina jibu kwao. Nawasikiliza, naomba nao, wanaondoka. Umekuwa mzigo juu ya mzigo.*

*Naomba ushauri wako Mama. Niandike barua ya kujiuzulu? Na kama Mungu ananiambia jambo katika haya yote, ni lipi ambalo silisikii?*

*Mwinjilisti, Morogoro*

*

Marahaba, mwanangu. Amina, asifiwe.

Barua hiyo usiiandike. Nitakueleza kwa nini, lakini tuanze na dawa, maana hapo ndipo penye hatari ya kukupoteza kabisa.

Meza dawa zako mchana kweupe, kwa saa ile ile kila siku, na umshukuru Mungu kwa ajili yake kama unavyoshukuru kwa ajili ya ugali. Hukuanguka mbele ya madhabahu kwa sababu imani ilipungua. Ulianguka kwa sababu mwili uliozoea dawa kwa zaidi ya miaka 20 ulinyang'anywa dawa hiyo kwa usiku mmoja. Madaktari huonya sana juu ya jambo hilo: kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege linalofuatana bila mgonjwa kuzinduka katikati, na watu hufa kwa namna hiyo. Hata siku daktari akiona inafaa kuacha, huipunguza kidogo kidogo. Ulipona kifo, mwanangu, na mkeo aliyenyamaza pale chooni huenda alilijua hilo kuliko mhubiri.

Na ile mikesha. Kukosa usingizi ni miongoni mwa mambo yanayochochea kifafa kwa nguvu kabisa, na kwa baadhi ya watu njaa huchangia. Waliokuombea naamini walikupenda, lakini walikuweka katika hali ile ile inayomwangusha mtu mwenye kifafa, kisha ulipoanguka wakasema ni pepo. Kwa hiyo kuanzia leo mkesha si wako. Omba alfajiri, baada ya kulala vya kutosha, na atakayekuuliza umwambie ni agizo la afya yako. Kama unaendesha pikipiki kwenda kwenye mitaa, mpe mtu mwingine usukani mpaka daktari akuruhusu. Mtoni usiende kuoga peke yako.

Kuhusu kumsaliti Mungu kwa kumeza dawa: mzee wa kanisa anayesoma somo kwa miwani hatumuulizi imani yake iko wapi. Paulo, ambaye Matendo 19 inasema hata leso zilizogusa mwili wake zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona, alisafiri na Luka, anayemwita "tabibu mpendwa". Timotheo alikuwa na tumbo lisilotulia na magonjwa yaliyompata mara kwa mara, na Paulo hakumwandikia kwamba hana imani. Alimshauri atumie mvinyo kidogo, tiba ya siku zile. Na ukisoma mistari ya mwisho ya 2 Timotheo utakuta kimeandikwa kitu ambacho wahubiri wengi wa mikutano hawakisomi kabisa: "Trofimo nalimwacha huko Mileto, hawezi." Alimwacha mgonjwa. Mtume mwenyewe, na mwenzake wa huduma, na hakuponywa siku ile. Hakuna aliyeambiwa kwamba amemfanya Mungu mwongo.

Sasa niwajibu wazee wako, maana walikusomea Biblia nusu nusu.

Walawi 21 ina orodha. Inataja kipofu, kiwete, aliyevunjika mguu au mkono, mwenye kibiongo, kibete na wengine. Kifafa hakimo. Na hata hao waliotajwa, mstari wa 22 unasema watakula chakula cha Mungu wao, kile kilicho kitakatifu sana. Halafu sisi hatuna tena ukuhani wa Haruni. Tuna Kuhani Mkuu ambaye Waebrania 4:15 inasema anaweza "kuchukuana nasi katika mambo yetu ya udhaifu". Mbele kidogo, katika 5:2, mwandishi anaeleza kwamba hata kuhani wa zamani aliweza kuwachukulia watu kwa upole kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa katika hali ya udhaifu. Waambie wazee waisome sura hiyo yote kabla ya kikao kijacho. Udhaifu wa mhudumu umetajwa pale kuwa ndio unaomfanya afae.

Mathayo 17 ni kweli imeandikwa, na Yesu alimkemea pepo. Lakini Mathayo huyo huyo, katika 4:24, anawahesabu waliomjia Yesu kwa makundi: "wenye pepo, na wenye kifafa, na wenye kupooza, akawaponya." Kundi la pepo peke yake, kundi la kifafa peke yake. Mwandishi alizijua hali hizo mbili kuwa mbili. Huwezi kuchukua kisa cha kijana mmoja ukakifanya kipimo cha kila mtu anayeanguka. Na katika kisa hicho hicho, Marko 9 inatupa maneno ya baba wa mtoto: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Yesu hakumfukuza arudi siku imani yake itakapokuwa imekamilika. Mtoto aliponywa kwa imani iliyochanganyika hivyo hivyo.

Uko Morogoro, basi watu wako wana sababu ya kulijua jambo hili kuliko wengi. Mahenge iko mkoani kwenu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwe, alianzisha kliniki ya kifafa huko kati ya Wapogoro. Aliwakuta wagonjwa wanaolishwa peke yao, wengine wametengwa vibandani, wengi wana makovu makubwa ya moto, kwa sababu mtu akiangukia motoni wenzake waliogopa kumgusa wasije wakaambukizwa kwa mate yake. Aliwapa fenobabitoni, dawa hiyo hiyo uliyoimwaga. Watafiti waliomfuata wamehusisha wingi wa kifafa cha kule na usubi, ule ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na inzi wadogo wa kando ya mito ya maji ya kasi. Sehemu nyingine sababu ni uzazi mgumu, malaria iliyopanda kichwani, minyoo ya nguruwe, au kuumia kichwa. Povu haliambukizi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 wana kifafa, na kwamba hadi asilimia 70 yao wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepimwa na kutibiwa ipasavyo. Wewe ulikuwa mmoja wa hao, na unaweza kuwa tena.

Na kwa kuwa washarika watasoma ukurasa huu: mtu akianguka, sogezeni benchi na vitu vigumu, mwekeeni kitu laini chini ya kichwa, mlegezeni kola, mlazeni ubavu ili mate yatoke. Msimshike kwa nguvu. Msimtie kijiko wala kidole wala maji mdomoni, mmeshaona jino la mwinjilisti wenu. Hesabuni muda, na zikipita dakika 5 bado anatetemeka, au akianza tena kabla hajazinduka, mpelekeni hospitali hapo hapo.

Nimekaa sana kwenye mwili kwa sababu umeteswa mwilini. Ila swali lako la pili ndilo lililonikalisha na barua yako, umeuliza Mungu anasema nini.

Sisi wahubiri tunapenda kulinukuu neno lile, "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu." Tunalisoma msibani, tunalichapa kwenye kalenda. Tunasahau Paulo aliliandika akiwa katika mzozo gani. Kanisa la Korintho lilikuwa limetembelewa na watumishi wenye kuvutia, anaowaita kwa uchungu "mitume walio wakuu". Watu wakaanza kumpima Paulo kwa kuwatazama wale, wakasema, na yeye mwenyewe anayanukuu maneno yao katika 2 Wakorintho sura ya 10: "Nyaraka zake ni nzito, hodari, bali akiwapo mwilini ni dhaifu, na maneno yake si kitu." Hoja iliyokuwa mezani Korintho ni ile ile iliyoko mezani kwa baraza lenu. Mtu mwenye mwili kama huu anafaa kusimama mbele?

Sasa angalia anavyojibu. Anasema haya, na mimi nitajisifu. Ungetarajia ataje makanisa aliyoanzisha. Yeye anataja viboko, kuvunjikiwa na merikebu, njaa, baridi, na mwisho wa orodha anatueleza jinsi alivyotoroka Dameski akiwa ameteremshwa dirishani ndani ya kapu. Mtume wa mataifa, ndani ya kapu! Halafu ndipo anafika kwenye ule mwiba uliokuwa katika mwili wake. Hasemi ni nini. Wapo wataalamu waliodhani ni macho, kwa sababu anawaambia Wagalatia wangekuwa tayari kung'oa yao wampe. Wapo waliodhani ni malaria. Na wapo, tena si wachache, waliodhani ni kifafa, kwa sababu anawashukuru Wagalatia hao kwamba jaribu lililokuwa katika mwili wake hawakulidharau wala kulikataa. Hakuna anayejua kwa hakika, na mimi nafurahi kwamba hakuna anayejua, maana kila mgonjwa anaweza kukaa ndani ya mstari ule.

Tunachojua ni kwamba aliomba mwiba ule utoke, mara tatu. Aliomba vizuri, na alikuwa na imani kuliko mimi na wewe. Jibu alilopewa halikuwa uponyaji, na halikuwa lawama. Aliambiwa neema inatosha. Na neno lile halikumwondoa kwenye huduma, lilimrudisha. Baada ya hapo anasema, "Maana niwapo dhaifu ndipo nilipo na nguvu," kisha anafunga safari ya kwenda Korintho kwa mara ya tatu, kwa watu wale wale waliomdharau.

Naomba unielewe vizuri hapa. Sikuambii kwamba Mungu alikupa kifafa ili akufundishe kitu. Maneno hayo yamewaumiza wagonjwa wengi, na wanaoyasema kwa kawaida wana afya njema. Paulo mwenyewe aliuita mwiba ule mjumbe wa Shetani, na papo hapo akasema "nalipewa", na hajajaribu kutupatanishia maneno hayo mawili. Ugonjwa ni adui. Pambana nao kwa dawa, na uendelee kuomba upone, ukitaka, maadamu ombi hilo haligeuki kuwa kipimo cha kama Mungu anakupenda. Ninachosema ni kwamba kuna mahali uweza wa Kristo ulipenda kukaa, na ulipokaa kwako umepaita mzigo.

Rudia kusoma aya yako ya wale wanaokuja gizani. Kwa miaka mingi ulikuwa mwinjilisti mzuri, msafi, uliyesimama wima. Wakati wote huo yule binti alikuwa amefungiwa ndani, kwenye mtaa wako. Umepita mbele ya mlango ule mara ngapi na Biblia mkononi? Mama yake hakukuita, kwa sababu hakukuona kuwa mtu wa kuambiwa jambo kama lile. Yule kijana alikuimbia kila Jumapili huku amemeza karafuu kuficha harufu ya pombe. Wewe ulipoanguka, ukalala pale suruali imelowa, ndipo wakajua kuna mtu mmoja mtaani ambaye hatawashangaa. Hakuna mahubiri uliyowahi kuhubiri yaliyofungua mlango ule. Mimi hapo naona kazi ya Mungu, na naiona ni kubwa kuliko ungeamka siku moja umepona.

Unasema huna jibu la kuwapa. Kwa kijana wa pombe, kusikilizwa bila kulaaniwa ni mwanzo mzuri, kisha umtafutie mtu mzima aliyeacha pombe atembee naye, na kituo cha afya wamwone, maana kuacha ghafla kwa mnywaji mkubwa nako kuna hatari yake. Kwa binti jibu unalo mfukoni, ni njia uliyopita mwenyewe. Nenda na mama yake hospitali ya wilaya. Kwa kawaida kifafa huhudumiwa kwenye kliniki ya afya ya akili, na wengi wanaona aibu kupanga foleni hapo, kwa hiyo panga naye, mwinjilisti, mbele ya watu. Mwambie dawa ni ya kila siku hata asipoanguka. Mwambie mafiga yainuliwe au yazungushiwe ukuta wa udongo. Na mtoto aje Shule ya Jumapili.

Halafu kuna kusema. Mimi nimekulia Kagera, kati ya watu wa Uamsho, ule uliowaka Gahini nchini Rwanda na Uganda miaka ya 1930 ukavuka kuingia Bukoba na kuenea nchi nzima. Watu wale walikuwa na desturi ya kukaa pamoja na kusema hali zao bila kujifunika, wakiita kutembea nuruni, kutoka 1 Yohana 1:7. Mkutano wao mkubwa wa Kabale mwaka 1945 waliupa neno la kuongoza: Yesu anatosha. Nimeona katika vikao vile wanawake wasiojua kusoma wakiwaambia maaskofu ukweli, na maaskofu wakilia. Walikuwa na makosa yao, wengine waligeuza kusema kuwa mashindano. Ila walijua kitu ambacho makanisa yetu ya vipaza sauti yanakisahau, kwamba ukristo unaoonyesha nguvu tu huwaacha wengi peke yao gizani.

Kwa hiyo omba nafasi useme mbele ya washarika. Lakini ujihadhari na jambo moja: usitubu kifafa. Ugonjwa hautubiwi. Ukisema "nisameheni kwa kuwa na kifafa", utamfungia yule binti mlango kwa mara ya pili. Sema hivi, kwa maneno yako: nina kifafa tangu utoto, ni ugonjwa wa ubongo, hauambukizi, natumia dawa, niliacha dawa nikaanguka, nikianguka tena fanyeni hivi na hivi. Kama liko la kutubu, pengine ni kule kuwafundisha wagonjwa kwa miaka kana kwamba wewe si mmoja wao, na hilo liseme kwa Mungu na kwa mkeo kwanza, kanisani si lazima.

Kabla ya hapo nenda kwa mchungaji wako. Watu wema wanaokaa kimya mara nyingi hawajui la kusema, wanangoja mtu awaletee. Mpelekee mambo manne: barua ya daktari inayoeleza hali yako, ombi kwamba mhudumu wa afya aje kuzungumza na baraza kuhusu kifafa, ombi kwamba urudishwe kazini kwa utaratibu mtakaokubaliana, na jina la mtu atakayekuwa karibu nawe wakati wa ibada. Mimi ningemtaja yule bibi wa kwaya. Musa alimlalamikia Mungu kwamba ulimi wake ni mzito, na Mungu hakumnyoosha ulimi, alimpa Haruni. Bibi yule alikuwa Haruni wako kabla hujajua unamhitaji. Baraza likikataa, kataa kwa upole kujiuzulu, na omba jambo lipelekwe ngazi ya juu ya kanisa kwa maandishi. Usigombane nao, ila usiwarahisishie pia.

Mwisho, mkeo. Umemtaja mara tatu katika barua yako ndefu: alijua ugonjwa wako, alitazama ukimwaga dawa bila kusema neno, na siku hizi halali vizuri. Wewe ukianguka hukumbuki kitu. Yeye anakumbuka kila dakika. Anakaa macho akisikiliza pumzi yako, na asubuhi anakwenda kisimani ambako wenzake wanamtazama kama mke wa mwenye pepo. Udhaifu huu ni wake pia, na hakuna aliyemfungulia maombi. Tafuta ndugu yako wa kiume alale kwenu usiku mmoja au mbili kila wiki, ili yeye alale chumba kingine na watoto, apumzike. Mweleze kwamba umeanza dawa tena, kama hata yeye ulimficha. Kisha muulize alikuwa anafikiri nini usiku ule pale chooni, na umwache aseme mpaka amalize, hata kama maneno yatakuwa makali.

Msalimie sana, yeye na watoto. Niandikie baada ya kikao cha wazee.